Fizi-Baraka: Waifai ya bure hulipwa na nani? Historia kutoka Gulu, Idjwi na majengo ya wapangaji

Katika parsele nyingi za Baraka, nyumba moja ndefu ina milango mitano au sita, na nyuma ya kila mlango kuna familia yake. Vita imewasukuma watu kutoka Bukavu, Uvira na milima ya juu, na chumba kilichojengwa kwa watu wanne sasa kinaweza kulaza wanane. Maji huchotwa kwa zamu. Choo ni kimoja. Lakini mega, kila mtu hununua zake. Mama anayetafuta habari za mwanawe aliyebaki nyuma huweka za siku moja, akafungua ujumbe wa sauti mmoja au miwili, akashangaa kuona zimekwisha. Mlango wa pili jirani amefanya vilevile, na wa tatu vilevile. Wakijumlisha walichotumia wote kwa mwezi, pesa ile huenda ingelipia laini moja ya kutosha parsele nzima.

Wazo la laini moja kwa milango mingi limejaribiwa katika kambi za wakimbizi wa ndani Uganda, kwenye kisiwa cha Idjwi humu humu Kivu ya Kusini, mjini Berlin, na katika majengo ya Marekani ambamo baadhi ya ndugu wa watu wa Fizi wanapanga leo. Mahali pengine lilidumu, kwingine likafa siku mfadhili alipofunga mkoba. Inafaa kujua kwa nini, kabla mtu hajapanda juu ya bati na antena mkononi.

Watu wa Fizi wanajua thamani ya habari inayovuka maji. Vita ya 1996 ilipowavusha maelfu Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo huko Kasulu, aliyebaki upande huu hakuwa na njia ya kujua nani amefika na nani hakufika. Kulikuwa na foni za misheni na za wafanyabiashara, ile redio ya masafa ya mbali ambayo kila anayesikiliza husikia siri yako. Kulikuwa na barua za Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu, iliyoweza kuchukua wiki nyingi kufika. Oktoba 2005 meli za kurudisha wakimbizi zilipoanza kutoka Kigoma kuja Baraka, wapo waliokanyaga ufuko bila kujua kama nyumba ya baba ingali imesimama.

Kisha simu ya mkononi ikafika. Nchini Kongo ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani: Telecel ya Miko Rwayitare iliwapa wakubwa wa Kinshasa simu katika miaka ya 1980, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Mtu wa kawaida alisubiri. Vodacom ilifungua kazi nchini mwaka 2002, na taratibu minara ikasogea mashariki. Ndipo watu wakajifunza kubipu. Na kuanzia 2015, Marekani ilipopanua kuwapokea Wakongo wa Nyarugusu, ukoo mmoja ukajikuta umegawanyika mara tatu: Fizi, Kigoma na ng'ambo. Simu ya kawaida haiwezi kubeba ukoo wa namna hiyo kwa bei ya muuza dagaa. Intaneti inaweza.

Sasa, waifai yenyewe. Watu wengi huchanganya waifai na intaneti, na mchanganyiko huo ndio huleta ugomvi baadaye. Mwaka 1985 mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani aliamua kwamba baadhi ya mawimbi, yakiwemo yale yanayotumiwa na majiko ya microwave, yatumiwe na yeyote bila kuomba leseni, ili mradi nguvu yake iwe ndogo. Yalionekana kama takataka za hewani. Juu ya takataka hizo wahandisi walijenga waifai, ambayo ilipewa jina hilo mwaka 1999. Kwa hiyo hewa kati ya ruta na simu yako haina bei. Lakini ruta ni bomba la mwisho tu. Maji yanayoingia kwenye bomba, yaani laini kutoka kampuni au setilaiti, yana bei kila mwezi, na umeme wa kuisukuma una bei yake pia. Kila aliyewahi kutangaza "waifai ya bure" alikuwa anasema tu kwamba mtu mwingine analipa. Huyo mtu mwingine ni nani, na atachoka lini?

Gulu, kaskazini mwa Uganda, walilazimika kulijibu swali hilo mapema. Vita ya LRA ilikuwa imewakusanya watu zaidi ya milioni 1.5 katika kambi. Kambi ya Pabbo, kaskazini mwa mji wa Gulu, ilikuwa na makumi ya maelfu ya watu katika nyumba za nyasi zilizobanana kiasi kwamba moto mmoja ulikuwa ukila safu nzima. Barabara ziliogopwa. Mtu wa Pabbo aliyetaka kujua hali ya ndugu yake katika kambi nyingine alihitaji msafara au uvumi.

Mwaka 2007 mradi ulioitwa BOSCO, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ulianza kufunga kompyuta zinazotumia umeme wa jua katika kambi, na kuziunganisha kwa waifai ya masafa marefu. Antena za kuelekezana ziliwekwa juu ya milingoti, moja ikitazama nyingine bila kilima wala mti katikati. Kompyuta zenyewe zilichaguliwa kwa sababu zilikula umeme kidogo kuliko taa ya zamani ya chumbani.

Jambo la busara kuliko yote katika mradi ule halikuwa intaneti. Walifunga pia simu zinazopita ndani ya mtandao wao wenyewe. Kambi ikipigia kambi nyingine, sauti ilipita juu ya antena zao, haikutoka nje kwa kampuni yoyote, na kwa hiyo haikukata hata senti moja. Laini ya nje, iliyo ghali, ilibaki kwa kazi zinazohitaji nje. Kambini hiyo ilikuwa na maana moja kubwa: ugonjwa ukilipuka au watu wakivamiwa, kambi ya pili ilijua siku ile ile, hata kama hakuna aliyekuwa na yuniti.

Mwaka 2010 BOSCO ilipewa tuzo ya Breaking Borders ya Google na Global Voices. Tuzo ni tuzo. Kilichostahili kuangaliwa zaidi kilitokea wakati ule ule: amani ilirudi na kambi zikaanza kuvunjwa. Watu walirudi mashambani, na mitambo ikabaki inawatazama wachache. Miradi mingi ya kambi hufia hapo, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya hema, na hema likiondoka hakuna mwenye mali. BOSCO ilikuwa na mwenyeji asiyehama: jimbo, parokia na shule. Vituo vikageuka kuwa mahali pa vijana kujifunza kompyuta, wakulima kuulizia bei, na watu kuandika wenyewe habari za vijiji vyao. Kwa familia iliyo Baraka leo ikisubiri kurudi kwao, hilo ni jambo la kufikiria: mtambo uwekwe mikononi mwa nani, ili asiyejua ataondoka lini aweze kuutumia leo, na mwenyeji asiachiwe chuma kilichokufa kesho?

Idjwi ni karibu zaidi. Kisiwa hicho cha Ziwa Kivu ni cha mkoa wetu, na wengi wanakijua kwa mananasi na kwa kuponea vita vilivyochoma kandokando zake. Kuponea huko kulikuwa na gharama: kwa kuwa hakukuwa na mapigano, mashirika hayakuja, na serikali haikukumbuka. Hakukuwa na gridi ya umeme. Mwami Roger Ntambuka, mmoja wa bami wawili wa kisiwa, alipopata wageni wa maendeleo waliouliza watu wanahitaji nini, intaneti ilikuwa miongoni mwa alivyoviomba. Wapo waliocheka. Watu hawana maji safi, mwami anaomba intaneti? Lakini hesabu yake haikuwa mbaya. Mfanyabiashara wa kisiwani alikuwa akipanda boti hadi Goma au Bukavu ili tu kutuma hati au kuulizia bei, na Ziwa Kivu limezamisha boti nyingi.

Mtandao uliozaliwa, mwaka 2016, uliitwa Pamoja Net. Uliwekwa na shirika la La Différence kwa msaada wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Falmouth cha Uingereza. Mawimbi yalivushwa juu ya ziwa kwa antena, yakasambazwa kisiwani kutoka mtambo hadi mtambo, na kukawa na kibanda ambapo mtu asiye na simu ya maana angeweza kupata huduma. Malipo yalipangwa hivi: taasisi zenye uwezo, yaani mashirika, ofisi na wafanyabiashara, zililipia sehemu kubwa ya laini, na nafasi inayobaki ikafunguliwa kwa watu wote bure. Watu wa kisiwa wenyewe walifunzwa kutunza mitambo.

Ukitazama vizuri, huo ni utaratibu wa zamani kuliko intaneti. Mwenye mashine ya kusaga hulipwa na wenye magunia, na bibi mwenye kikapu kimoja husagiwa jioni. Ila una udhaifu wake, na ni udhaifu wa nchi hii: wateja wanaolipa mara nyingi ni mashirika, na mashirika hufunga ofisi ufadhili ukikatika. Mtandao unaotegemea ofisi tatu za mashirika unatikisika siku ofisi mbili zikihama. Bukavu nako vijana walianzisha Mesh Bukavu, kwa wazo kwamba kila paa linalopokea liwe pia linapitisha kwa jirani, ili nguzo zisiwe chache na mtandao usianguke kwa nguzo moja. Kwa mji wenye vilima kama ule, ni akili. Kwa Baraka, ambayo imelala tambarare kando ya ziwa na milima nyuma yake, kazi ya antena ingekuwa rahisi hata zaidi, ila kwamba mlima unaofaa kwa antena ni ule ule unaofaa kwa mtu mwenye bunduki. Hakuna fundi mwenye akili atakayepandisha mlingoti huko bila wakubwa wa kijiji na askari kuelezwa mbele ya watu ni wa nini.

Kwa wenye ndugu Ulaya, hadithi ya Berlin ina mshangao wake. Baada ya Ujerumani mbili kuungana, sehemu za mashariki mwa mji zilifungwa nyaya za kioo za kisasa kuliko za magharibi. Intaneti ya kasi ya simu ilipokuja, ilipita kwenye nyaya za shaba za kizamani tu. Wenye nyaya mpya wakakosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wakapanda juu ya mapaa ya majengo yao ya ghorofa na kuunganisha paa kwa paa. Ndiyo Freifunk. Mwenye laini aligawa kipande chake, mwenye paa alitoa paa, kanisa lilitoa mnara wake.

Mwaka 2015 wakimbizi walipoingia Ujerumani kwa mamia ya maelfu, wakalazwa katika kumbi za michezo na majengo matupu, walikuwa na simu lakini hawakuwa na njia ya kusema "tumefika". Watu wa Freifunk walikuja na ruta zao na kuunganisha nyumba nyingi za wakimbizi, bila malipo, mara nyingi kwa kuazima laini ya jirani wa ng'ambo ya barabara. Sheria haikuwa upande wao. Tangu uamuzi wa mahakama kuu ya nchi mwaka 2010, mwenye kuacha waifai yake wazi aliweza kushtakiwa kwa alichofanya mgeni ndani yake. Walitafuta njia ya kupitisha mawasiliano kwingine ili mwenye nyumba asisumbuliwe, huku wakipigania sheria ibadilishwe. Ilibadilishwa 2017. Haya si mambo ya Wazungu tu: mwenye parsele wa Baraka naye atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama mpangaji akitumia laini yake kutukana au kutisha watu, atakayeitwa ofisini ni nani.

Marekani ndiko laini moja kwa jengo zima la bei nafuu ilikofika mbali zaidi, na ndiko ilikoonekana pia jinsi "bure" inavyokwisha. Familia ya mkimbizi iliyofika huko kwa kawaida iliwekwa katika jengo la wapangaji wa kipato kidogo. Wakati wa korona, shule zilipohamia mtandaoni, ilionekana wazi kwamba majengo hayo yalikuwa gizani, hata yale yenye waya wa kampuni mlangoni, kwa sababu wapangaji hawakumudu bili au walinyimwa mkataba kwa deni la zamani. Serikali ikaanzisha ruzuku iliyoitwa ACP: kuanzia mwisho wa 2021, kila nyumba iliyostahili ilipunguziwa dola 30 kwa mwezi. Nyumba zaidi ya milioni 20 zilijiandikisha. Bunge halikuongeza pesa, na tarehe 1 Juni 2024 ruzuku ikafa. Wapangaji walioizoea wakajikuta na bili kamili mezani.

Njia nyingine haikumlipia mpangaji, ililiunganisha jengo. Shirika la EducationSuperHighway, lililokuwa limefanya kazi ya kuunganisha shule, lilianza Oakland, California, kuweka waifai katika majengo ya bei nafuu: laini moja kubwa inaingia chini, visambazaji vinawekwa katika kila ghorofa, mpangaji anafungua simu na kuingia. Hakuna mkataba, hakuna kuulizwa deni, na mtu akihama leo, anayeingia kesho anaikuta inafanya kazi. Gharama kwa kila mlango hushuka sana, kwa sababu milango mia haitumii yote kwa dakika moja. New York nayo Septemba 2022 ilitangaza Big Apple Connect: jiji linazilipa kampuni mbili kubwa ili wapangaji wa nyumba za umma, katika makazi zaidi ya 200, wapate intaneti nyumbani bila bili. Wapangaji walishukuru. Waliolalamika ni wale waliokuwa wakijenga mitandao midogo ya mitaa, kwa kuwa mpango wa awali wa jiji uliowapa nafasi uliwekwa kando. Pesa ya jiji inaenda kila mwaka kwa kampuni, na siku meya mwingine akikataa kulipa, hakuna ruta hata moja iliyo mali ya jengo.

Turudi Baraka. Hapa mazungumzo ya kuchanga pesa kwa ajili ya simu huanza na jeraha. Mwaka 2020 serikali ilianza kukata yuniti za watu kwa jina la RAM, tozo ya kuandikisha simu. Mtu alinunua yuniti asubuhi, akakuta zimeliwa. Kelele zilikuwa kubwa hadi ikafutwa mwaka 2022. Aliyeibiwa hivyo hatampa jirani pesa ya laini kwa sababu jirani ana maneno mazuri. Atataka daftari, aone nani ametoa franga ngapi na kampuni imelipwa lini. Katika parsele ya milango sita, linaweza kukaa kwa mama yule yule anayeshika pesa za likelemba, ambaye hajawahi kula ya mtu.

Kuna laini ya kuchagua pia. Machi 2024 ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi, ilikuwa imekataza Starlink. Mei 2025 kampuni hiyo ikapewa leseni. Sahani moja inatosha kulisha milango mingi, lakini inakula umeme kuliko ruta ya kawaida, na sola ya taa mbili haitaiweza. Tena kununua laini kwa ajili ya nyumba yako ni jambo moja, na kuisambaza kwa mtaa ni jingine: Sheria ya Novemba 2020 kuhusu mawasiliano ipo, na wanaotaka kuvuka ukuta wa parsele yao waende kwanza kuuliza ARPTC kabla ya kununua vyuma. Radi nayo haina leseni. Mlingoti usio na waya wa kushuka ardhini, kwa mvua za Ziwa Tanganyika, ni mwaliko.

Na laini ikikatika? Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Waliokuwa na mega na wasiokuwa nazo walikuwa sawa. Lakini ruta ya parsele haizimwi na Kinshasa. Kompyuta ndogo iliyounganishwa nayo inaweza kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili au ya Kifaransa kwa programu ya Kiwix, na masomo ya shule kwa programu ya Kolibri, vyote bure, na mtoto aliyehama bila vitabu akavifungua kwenye simu ya shangazi yake bila kukata mega hata moja. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye laini nzuri avipakue mara moja, awe Bukavu, Kigoma au Kalemie, na flash ya kuvileta kwa boti.